Kifuniko cha tangi kikigoma: habari kutoka Jinja na Mbale

Ukurasa huu wa familia umezoea kuongea juu ya maziwa ya mtoto, maji safi na karo ya shule. Mwezi huu tunaongea juu ya pikipiki, na bado hatujatoka nje ya mambo ya familia.

Nyumba nyingi hapa kambini zina kijana, au baba, anayeendesha boda Jinja au Mbale. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na wengi wetu kazi iliyopatikana karibu ndiyo hiyo. Pikipiki yenyewe mara nyingi si yake. Ni ya tajiri, na tajiri anangoja hesabu yake, mvua inyeshe au jua liwake. Kinachobaki ndicho kinachotumwa huku kwa simu: sabuni, daftari, dawa. Siku pikipiki ikisimama, huku nako chungu kinasimama.

Na kinachoisimamisha si lazima kiwe injini. Tulipozunguka kwenye steji na kwa mafundi wa miji hiyo miwili, tulisikia malalamiko juu ya kitu kidogo ambacho kinatosha kwenye kiganja: kifuniko cha tangi, kile chenye kufuli. Ufunguo unaingia, haugeuki. Au unageuka, na kifuniko hakinyanyuki. Petroli ipo hapo mbele kwenye chupa, pesa ya kuinunua ipo mfukoni, na huwezi kuitia.

Kufuli liliwekwa kwa sababu petroli ni pesa. Pikipiki ikilala nje bila kufuli, asubuhi unakuta tangi kavu. Kwa hiyo pikipiki nyingi zinazokuja kutoka India, zile Bajaj na TVS ambazo zimejaa huko, zina ufunguo mmoja wa kazi zote: unawasha, unafunga usukani, unafungua tangi. Ni jambo zuri, lakini linauchosha ufunguo. Tangi linabeba karibu lita 10 au zaidi, lakini nani wa boda anajaza tangi? Ananunua lita moja asubuhi, nyingine mchana, nusu jioni kulingana na abiria. Mara 3 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni zaidi ya mara 900 kwa mwaka. Mwenye pikipiki ya kwenda ofisini anajaza mara moja kwa wiki na kufuli lake linakaa miaka. Mtu wa boda anamaliza miaka hiyo kwa miezi michache.

Ndani ya kufuli kuna vibamba vyembamba vya shaba au chuma, kila kimoja na springi yake ndogo kama unywele. Meno ya ufunguo yanavipanga vibamba vyote sawasawa, ndipo kiini cha kufuli kinazunguka na kuvuta ulimi unaoshika mdomo wa tangi. Kibamba kimoja tu kikikwama, kiini hakizunguki, hata uvute namna gani. Na ufunguo uliolika haviinui vibamba mpaka mahali pake. Hapo ndipo ule uliochongwa kutoka kwa ufunguo mwingine uliochongwa unaleta taabu: kila kopi inapoteza kidogo, na kosa la wa kwanza linarithiwa na wa pili.

Vumbi linamalizia kazi. Barabara ya kutoka Jinja kwenda Iganga, kisha Nakalama, Namutumba, Tirinyi, Kamonkoli hadi Mbale ina lami, lakini abiria hakai kwenye lami. Anakaa ndani, kwenye njia za udongo mwekundu, na upande wa Kakira ni njia za miwa ambapo matrekta yanapita. Kiangazi cha Desemba hadi Februari vumbi hilo ni laini kama unga wa muhogo, linaingia kwenye tundu la ufunguo na kutulia. Halafu jioni pikipiki inaoshwa. Maji ya pampu yanapigwa juu ya tangi, yanaingia tunduni, vumbi linageuka tope, tope linakauka. Mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika Mbale na kuua watu, tope liliingia kila mahali, na chombo kilicholala kwenye maji ya namna ile hakina kufuli la kuaminika tena mpaka lifunguliwe na kusafishwa. Kale kafuniko kadogo kanakoziba tundu la ufunguo kakivunjika, watu wanakaacha tu. Kangerudishwa, nusu ya taabu hii isingekuwepo.

Sasa, kikigoma ufanye nini? Kwanza tuliza mikono. Angalia ni ugonjwa gani, maana iko mitatu na dawa zake hazifanani.

Ufunguo usipoingia mpaka mwisho, kuna kitu ndani: mchanga, kijiti cha kiberiti, pengine mtoto amecheza hapo. Nenda kwa fundi wa pancha, mwombe apulize upepo kwenye tundu. Usisukume kwa nguvu, utapeleka uchafu ndani zaidi.

Ukiingia lakini haugeuki, weka kiganja juu ya kifuniko, ukandamize chini kwa uzito wako, huku mkono mwingine ukigeuza ufunguo polepole. Hii peke yake inafungua vifuniko vingi, kwa sababu mpira ulio chini ya kifuniko unausukuma ulimi juu na kuubana; ukikandamiza, ulimi unapata nafasi. Isipokubali, vuta ufunguo nje kidogo sana, unene wa ukucha, ujaribu tena. Uchezeshe juu na chini. Gongagonga kifuniko kwa mpini wa mbao wa bisibisi, si kwa chuma, ili vibamba vishtuke. Halafu ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, kidogo tu, na ungoje robo saa. Kungoja ndiyo dawa yenyewe. Mtu anapuliza na kuvuta papo hapo, anasema dawa ni feki. Kama tajiri ana ufunguo wa asili uliokuja na pikipiki, huo ndio wa kujaribu kabla ya kuita fundi. Mara nyingi kufuli halina neno, ufunguo ndio umechoka.

Usitie oili ya injini wala grisi wala mafuta ya kupikia tunduni. Leo litateleza, lakini oili inashika vumbi, na baada ya wiki mbili una matope meusi. Kitu kizuri kwa kufuli kavu kiko kwenye mfuko wa mtoto wa shule: penseli. Usugue ufunguo kwa risasi ya penseli mpaka ung'ae meusi, uingize na kutoa mara kadhaa. Ule unga mweusi unalainisha na haushiki vumbi.

Ugonjwa wa tatu ni ufunguo kugeuka na kifuniko kukaa palepale. Hapo mpira umevimba na kugandana na tangi, au ulimi umekwama kwa kutu, au tundu dogo la kupumulia limeziba. Hili la mwisho wengi hawalijui. Tangi linahitaji hewa iingie kadiri petroli inavyotoka. Lisipopumua, injini inaanza kukohoa baada ya kilomita chache na kuzima, na kifuniko kinanyonywa chini. Ukikifungua unasikia fyuu. Kandamiza, geuza, kisha nyanyua upande mmoja kwa vidole. Pikipiki ikiwa imesimama juani saa nyingi, isogeze kivulini kwanza ipoe.

Na kikishafunguka, jamani, usikifunge tena kabla ya kukisafisha. Tumekutana na watu waliofurahi, wakatia petroli, wakafunga kwa kishindo, na kilomita 10 mbele wako palepale.

Kuna mambo mawili ambayo hatuwezi kuyapitia haraka. La kwanza ni nguvu. Kijana mmoja wa kwetu alitusimulia yaliyompata barabara ya Tirinyi, jioni, amebeba mama na mtoto mwenye homa kali wanaelekea hospitali kubwa ya Mbale. Petroli ikakata. Muuza chupa yupo, ufunguo haugeuki. Kwa haraka ya mgonjwa, na nani asingekuwa na haraka, akaushika ufunguo kwa plaizi akauzungusha. Ukakatika, nusu ikabaki ndani. Mama alichukuliwa na boda nyingine, na mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Yeye alisukuma pikipiki. Kesho yake walikichokonoa kifuniko kwa bisibisi na nyundo, kikatoka, lakini mdomo wa tangi ukapinda. Kifuniko kipya hakikukaa. Tajiri alitaka tangi jipya, na hesabu ya kila wiki ilikuwa palepale. Miezi mitatu nyumbani kwao hapa hawakuona senti. Sisi tunasema kijana yule hakuwa mzembe, alikuwa na mgonjwa mgongoni. Lakini ufunguo ni chuma laini na plaizi ina nguvu za watu watatu. Vidole viwili visipoweza, plaizi itavunja tu.

La pili ni moto. Ikishindikana kabisa, mafundi wanatoboa kufuli. Petroli yenyewe haiwaki kama mvuke wake unavyowaka, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: haupandi, unashuka na kutambaa chini mpaka ukutane na jiko la makaa, kibatari, sigara, au cheche ya drili ya umeme. Tangi lenye petroli kidogo chini na mvuke juu ni hatari kuliko tangi lililojaa. Wale wetu wa Kivu ya Kusini hawahitaji kufundishwa. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, lori la mafuta lilipinduka, petroli ikatambaa, na moto ukaua watu zaidi ya 230, wakiwemo waliokuwa wamekaa wakitazama Kombe la Dunia. Kampala nako, Namungoona, tarehe 29 Juni 2013, watu zaidi ya 30 walikufa kwa moto wa lori la petroli, wakiwemo vijana wengi wa boda waliokwenda kuchota.

Kwa hiyo usikubali fundi apashe kifuniko moto kwa kiberiti eti chuma kipanuke. Usikubali drili ya umeme wala jiwe la kusagia chuma juu ya tangi. Kama lazima kutoboa, petroli itolewe kwanza kupitia bomba lake la chini, kwenye jerikeni safi, tangi lishushwe, lipelekwe uwanjani mbali na jiko, na drili iwe ya mkono, ncha yake imepakwa grisi ili vumbi la chuma lishikwe lisidondoke ndani. Likidondoka litaziba kabureta. Na mtu asivute petroli kwa mdomo. Mtoto au mkubwa akiimeza, msimtapishe, maana ikirudi juu inaingia kwenye mapafu, mkimbizeni kliniki.

Baada ya kuvunja, wengine wanaziba tangi kwa kaveera au kitambaa. Petroli inaruka kwenye injini ya moto. Mvua inaingia, na maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kabisa, palepale injini inaponywea. Nunua kifuniko kingine siku hiyohiyo. Kipo chenye ufunguo wake peke yake, ni nafuu, utatembea na funguo mbili. Ipo pia seti nzima ya kufuli zote kwa ufunguo mmoja, bei imepanda kidogo.

Halafu kuna jambo ambalo fundi hatakwambia kwa sababu halimhusu. Pikipiki yenye kufuli lililovunjwa inaonekana kama ya wizi. Mwendeshaji ni mgeni, lafudhi yake si ya hapo, pikipiki si yake, na tangi limechokonolewa: askari barabarani ana haki ya kuuliza. Mpigie tajiri kabla ya kuvunja, si baada. Akuandikie hata mistari miwili yenye namba ya pikipiki, na risiti ya kifuniko kipya ikae pamoja na leseni, kitambulisho cha ukimbizi na kopi ya kadi ya pikipiki. Kwenye risiti fundi aandike amefanya nini na lini.

Hapo hapo mkubaliane na tajiri nani analipa kifuniko kilichochoka kwa kazi, maana kuchoka kwa kazi si kosa la mwendeshaji. Matajiri wengine wanakubali kugawana nusu kwa nusu wakiulizwa mapema. Wakiulizwa baada ya tangi kuharibika, hakuna mazungumzo.

Ninyi mliobaki huku mna sehemu yenu pia. Tumeona nyumba ambapo ufunguo wa asili umetumwa kambini utunzwe kwenye sanduku, usipotee. Huo haumsaidii mtu aliyekwama Kamonkoli saa mbili usiku. Akipiga simu Jumapili, mkishamaliza salamu na habari za watoto, mwulizeni ufunguo wa pili uko wapi.