Fahamu: Je, Sheria ya Uingereza Huwahurumia Mno Wezi Wavunjao Nyumba za Wazee?

Katika Uingereza na Wales, mtu avunjaye nyumba ya watu ili aibe aweza kufungwa hata miaka 14 kwa sheria ya mwaka 1968, na akiingia na silaha, kifungo cha maisha. Tena ukongwe na udhaifu wa aliyeibiwa ni sababu ya kuzidisha adhabu. Malalamiko yatoka wapi, basi? Yatoka katika umbali ulioko baina ya ukomo wa sheria na hukumu za kila siku, kwani kifungo kisichopungua miaka 3 huwa lazima kwa mwizi apatikanaye na hatia mara ya tatu, na hata hapo hakimu ana ruhusa ya kukipunguza akiona si insafu. Nami naona walalamikao wana haki, maana ajuza aliyeingiliwa usiku hapotezi mali tu, hupoteza na amani ya kulala kwake mwenyewe. Walakini ukali pekee hautoshi: Delroy Grant, aliyewadhulumu wazee wa kusini mwa London tangu 1992 hadi 2009, alihukumiwa mwaka 2011 kifungo cha maisha, asitoke kabla ya miaka 27, ilhali polisi walipewa namba ya gari lake tangu 1999, wakamchunguza mtu mwingine mwenye jina kama lake.