Kipindupindu na Nyumba Iliyojiweka Tayari



Katika mazungumzo haya twataka kusema juu ya kipindupindu, na juu ya mambo yapasayo kuwamo nyumbani kabla ugonjwa huo haujabisha hodi. Mfano wetu tutautwaa Igogo, katika mji wa Mwanza, kwa sababu mtu aijuaye Igogo ataelewa upesi neno tulitakalo. Huko nyumba nyingi zimejengwa mlimani, juu ya mawe na kati ya mawe, na njia za kuzifikia ni nyembamba, zenye kupanda kama ngazi. Chini yake ni Ziwa. Mchana mtu hushuka akapata duka, mganga na gari. Lakini ugonjwa huu hauchagui saa. Ukimshika mtu saa nane ya usiku, na mvua inanyesha, kitu kisichokuwamo ndani ya nyumba saa ile ni sawa na kitu kisichokuwapo duniani.

Hilo ndilo neno letu lote. Yanayofuata ni maelezo yake.

Ugonjwa wenyewe

Kipindupindu huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mganga Mjerumani, Robert Koch, ndiye aliyewaonyesha watu wazi, baada ya kuvichunguza Misri na Bara Hindi katika miaka ya 1883 na 1884. Naye baadaye, mwaka 1906, alifika katika Ziwa letu hili kuchunguza ugonjwa wa malale. Vijidudu hivyo huingia kwa njia ya kinywa, ndani ya maji au chakula kilichoguswa na uchafu wa mgonjwa. Vikifika tumboni hutoa sumu, na sumu hiyo huufanya utumbo kumwaga maji ya mwili bila kiasi. Choo huwa kama maji yaliyooshewa mchele. Tena huja matapishi. Mtu mzima aliyeshikwa sana aweza kupoteza hata lita moja kwa saa moja. Macho huingia ndani, ulimi hukauka, mkojo hukoma, misuli ya miguu hukaza, na ngozi ikifinywa hukawia kurudi mahali pake. Aliyeamka mzima asubuhi aweza kufa kabla ya jua kuchwa.

Sasa angalieni vema ni kitu gani kinachoua. Mgonjwa hufa kwa kupungukiwa na maji na chumvi za mwili. Wazee husema ya kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Neno hili ni kweli kwa maji ya mtungi, lakini kwa ugonjwa huu si kweli, maana maji ya mwili yaliyomwagika yaweza kurudishwa kwa kinywa, ikiwa kazi imeanza mapema. Wagonjwa walioshikwa sana wasipotibiwa, hata nusu yao waweza kufa. Wakitibiwa upesi na vizuri, katika mia hafi hata mmoja.

Ushahidi wake ulionekana mwaka 1971. Vita vilikuwa vinapiganwa katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh, na watu wengi sana walikimbilia Bara Hindi. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kiliwaangukia, na maji ya kutia kwa sindano mishipani hayakutosha. Mganga mmoja jina lake Dilip Mahalanabis aliamuru sukari na chumvi zipimwe, zichanganywe na maji safi, kisha jamaa za wagonjwa wapewe vikombe wawanyweshe watu wao. Hapo kwanza walikuwa wakifa kama 30 katika kila mia. Baadaye hawakufika 4. Ndugu wasomaji, walioifanya kazi ile ya kunywesha hawakuwa waganga. Walikuwa mama, baba, shangazi na kaka, watu kama sisi.

Ugonjwa huu husafiri

Wako watu wadhanio ya kuwa kipindupindu ni jambo la mbali. Habari za zamani zinatufundisha vingine. Katika miaka ya 1869 na 1870 ugonjwa huu uliua watu wengi katika Unguja, na mganga James Christie, aliyekuwa akiishi huko, aliandika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1876 kueleza jinsi ulivyofuata njia za misafara na za majahazi. Mwendo wa ugonjwa unaotusumbua katika zama zetu ulianza Indonesia mwaka 1961, ukaingia Afrika mwaka 1970. Katika Tanzania, mwaka 1997 peke yake, waliougua walizidi 40,000 na waliokufa walizidi 2,000. Mwezi wa Agosti 2015 uliwaka Dar es Salaam, ukaenea mikoani hata Mwanza, na kufikia Aprili 2016 wagonjwa katika Bara na Visiwani walikuwa wamepita 24,000. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ulionekana tena katika mikoa ya upande wa Ziwa, Mwanza na Simiyu ikiwamo.

Zamani ulikwenda kwa miguu ya wapagazi. Leo waweza kupanda basi jioni na kushuka asubuhi. Na mtu aweza kuubeba bila kuugua, kwa maana wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote, au huharisha kidogo tu, lakini choo chao kina vijidudu. Basi haifai kungoja mpaka tumwone mgonjwa ndipo tuanze kujiandaa.

Jibu kwa wasemao, "Wazee walikunywa maji ya Ziwa"

Neno hili husemwa sana pwani ya Ziwa, na lastahili jibu la heshima. Ni kweli wazee walikunywa. Lakini walikuwa wachache, na miji yao ilikaa mbalimbali. Leo mji wa Mwanza umejaa watu, na mto Mirongo hupita katikati ya mji ukaingia Ziwani na yote uliyoyakuta njiani. Tena mahali penye majabali, shimo la choo haliwezi kuchimbwa refu. Mvua kubwa ikinyesha, uchafu hushuka pamoja na maji, ukapita milangoni, ukaingia visimani na Ziwani. Kwa sababu hiyo, katika baadhi ya vilima vya mji huo yamelazwa mabomba membamba kati ya mawe ili kuyachukua majitaka. Ni kazi njema, lakini si kila nyumba imekwisha fikiwa. Maji yaweza kung'aa kama kioo na huku yamebeba mauti. Jicho si kipimo.

Mambo matano ya kuweka tayari

La kwanza ni maji. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu kwa muda wa dakika moja, au yatiwe dawa ya kutakasa kwa kadiri iliyoandikwa juu ya chupa, kisha yaachwe nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa nguo safi. Huko Bangladesh wanawake wa vijijini walifundishwa kuchuja maji kwa nguo kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, na habari zilizotolewa mwaka 2003 zilionyesha ya kuwa ugonjwa ulipungua karibu nusu. Lakini kuchuja peke yake hakutoshi. Ni mlango wa kuchemsha. Maji yakiisha kutakaswa, yawekwe katika chombo chenye kifuniko, na yatekwe kwa kata yenye mpini mrefu au kwa bomba. Mkono ulioingia mtungini umeharibu kazi yote ya moto. Nyumba iwe na akiba isiyopungua maji ya siku moja, yasiyoguswa ila kwa haja.

La pili ni choo na mikono. Choo kiwe na kifuniko, na karibu yake pawe na maji na sabuni. Pasipo sabuni, jivu hufaa. Kila atokaye chooni, kila ampanguzaye mtoto, na kila apikaye au alaye, anawe kwanza. Choo cha mtoto mchanga kisidharauliwe. Nacho kitupwe chooni. Chakula kiliwe cha moto, dagaa na samaki waive sawasawa, na matunda yaoshwe kwa maji yaliyotakaswa.

La tatu ni chumvi na sukari. Wekeni nyumbani pakiti za unga wa ORS, ambazo hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa, na mfuateni kipimo kilichoandikwa. Zisipokuwapo, twaeni lita moja ya maji yaliyotakaswa, vijiko vya chai sita vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kurundika. Koroga, kisha onja. Yasipite machozi kwa uchumvi, maana chumvi nyingi humdhuru mtoto. Yaliyosalia baada ya siku moja yamwagwe. Tunawaomba wanafunzi wafanye jambo moja leo hii: watafute nyumbani chombo kinachopimika lita moja, wakitie alama, wakioneshe kwa watu wote wa nyumbani. Usiku wa taabu si wakati wa kubishana juu ya kipimo.

Mgonjwa aanze kunyweshwa mara aanzapo kuharisha. Mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe robo hata nusu ya kikombe kikubwa kila aendapo choo; mkubwa kuliko huyo, nusu hata kikombe kizima; mtu mzima anywe kadiri awezavyo. Akitapika, ngojeni dakika kumi, kisha endeleeni polepole, kijiko kwa kijiko. Mtoto anyonyaye asiachishwe ziwa. Msimnyime mgonjwa maji kwa kudhani ya kuwa yanazidisha kuhara, kwa kuwa kosa hilo limewazika wengi.

La nne ni njia ya kumfikisha kwa mganga. Maji ya chumvi na sukari huokoa muda, wala si badala ya zahanati, maana aliyeshikwa sana hana budi kutiwa maji mishipani. Hapa ndipo watu wa mlimani wapasapo kufikiri zaidi ya wengine. Pikipiki haipandi majabali. Basi kaeni na jirani zenu wakati wa amani, mkubaliane: ni nani watakaombeba mgonjwa? Watambeba kwa machela gani? Ni njia ipi isiyo na utelezi wakati wa mvua? Taa iko wapi, na ni nani mwenye chombo kitakachongoja chini barabarani? Nambari zao za simu ziandikwe ukutani, hata mtoto azione. Na njiani mmoja awe na chupa ya maji yale, amnyweshe mgonjwa huku wanashuka. Wabebao wanawe mikono kwa sabuni, na nguo zilizochafuka zisifuliwe Ziwani wala mtoni, bali zichemshwe au zitiwe dawa kama mganga atakavyoagiza.

La tano ni gumu kusema, lakini hapana budi lisemwe. Mtu akifa kwa kipindupindu, mwili wake bado una vijidudu vingi. Desturi yetu ni kumwosha maiti kwa mikono yetu, kisha kukusanyika na kula pamoja, na desturi hiyo imetoka katika upendo. Lakini matanga mengi yamezaa matanga mengine. Mwacheni bwana afya asimamie kuosha na kuzika. Waliogusa wanawe, na karamu ya msibani iahirishwe. Sala na machozi havikatazwi. Kumheshimu marehemu ni pamoja na kuwahifadhi watoto aliowaacha.

Aibu isiwe mlango wa mauti

Neno la mwisho ni hili. Kwa kuwa ugonjwa huu hutokana na uchafu, wako watu wamfichao mgonjwa wao, wakiogopa kusemwa na majirani. Tunawaambia kwa upole ya kuwa maji machafu yaliyoshuka mlimani hayakuuliza nyumba ipi ni ya muungwana. Mgonjwa akifichwa, hukosa dawa, na majirani nao hukosa onyo. Peleka habari upesi kwa mjumbe wa mtaa na kwa zahanati. Na wewe jirani usikiaye habari, usicheke. Peleka ndoo ya maji yaliyochemshwa.

Tazameni sasa gharama ya mambo yote tuliyoyataja: kuni au makaa ya kuchemshia, kipande cha sabuni, sukari kidogo, chumvi kidogo, chupa yenye alama, na maneno mliyokubaliana na jirani. Hakuna hata moja lishindalo nguvu za nyumba ya kawaida, likitafutwa polepole wakati wa uzima. Usiku ule ukija, hakuna hata moja litakaloweza kutafutwa.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, mwenye nyumba na aulize: je, maji yapo? Sabuni ipo? Chumvi na sukari zipo? Njia inajulikana? Akijibiwa "ndiyo" mara nne, na alale kwa amani. Akijibiwa "hapana" hata mara moja, kesho ana kazi.

Kwaherini.