Mbio za ramani: Miguu pekee haitoshi

Wewe ni moto barabarani? Poa, lakini huku hakuna barabara. Unapewa ramani na dira, unatafuta vituo msituni kwa mpangilio. Uingereza, mashindano ya Jan Kjellström hujaza wikendi ya Pasaka: mbio fupi Ijumaa, za wastani Jumamosi, ndefu Jumapili, za kupokezana Jumatatu.

Vilima ndivyo hukutoa jasho. Mistari ya kahawia ikibanana kwenye ramani, jua huo mwinuko ni mkali. Utaupanda moja kwa moja au utauzunguka? Amua ukikimbia, maanake saa haikungoji. Ukijimaliza Jumamosi, Jumapili mapaja yatakudai. Na ukiruka kituo kimoja tu, hata ufike wa kwanza, matokeo yako hayahesabiwi. Simu ya kukuonyesha njia? Sahau, ni marufuku.