VYUMBA TATU MU AKWARIUMU: NAMNA YA KUWEKA POMPA NA KULINDA SAMAKI



Wengi wanauliza juu ya nini samaki wa akwariumu wanakufa mara mingi mu majuma ya kwanza, hata kama wanakula muzuri. Jibu iko fupi: samaki anaishi mu choo chake mwenyewe. Ku ziwa Tanganyika, kule Kalemie na Moba, mayi iko mingi sana. Pahali pa chini kabisa panafika karibu metre 1470. Lakini mu sanduku ya kioo ya lita 160, uchafu hauna pa kwenda. Njo maana tunajenga ukuta ndani, nyuma yake tunaweka vyombo vya kusafisha.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Samaki anatoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria za kwanza zinaigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu vilevile. Bakteria za pili zinageuza nitriti kuwa nitrati, yenye ukali kidogo. Ile tunaitoa wakati wa kubadirisha sehemu ya mayi. Bakteria hizi zinakaa juu ya eponji na mawe madogo, na zinaomba majuma 4 mpaka 6 kwa kuongezeka. Samaki wa Tanganyika, sawa vile Tropheus, wanapenda mayi yenye pH karibu 9. Na pale pH inapanda, amonia inazidi kuua. Kwa hiyo kwao chumba hiki si mapambo, ni uzima.

Tuchukue akwariumu ya sentimita 100 kwa 40 kwa 40.

1. Ukuta A. Pima sentimita 15 toka mwisho mumoja, ubandike kioo kwa kole ya silikoni ya akwariumu, ile isiyo na dawa ya kuua kuvu. Juu yake ibaki chini ya mudomo wa akwariumu kwa sentimita 2. Ku upande wa juu fundi akate meno ya urefu wa sentimita 3, yenye nafasi ya milimita 2 tu, ili watoto wa samaki wasipite. Mayi itapita mu meno haya, ikivuta pia mafuta yanayoelea juu.

2. Ukuta B. Nyuma ya A, gawa nafasi vyumba tatu. B inaacha nafasi ya sentimita 4 chini. Mayi inashuka mu chumba cha kwanza, inapita chini ya B.

3. Ukuta C. Huyu anabandikwa chini kabisa, lakini ni mufupi kuliko A kwa sentimita 6. Mu chumba cha katikati mayi inapanda, inapita mu eponji na mawe, kisha inaanguka juu ya C kuingia chumba cha tatu. Pale njo pompa inakaa, na tiyo yake inarudisha mayi kwa samaki. Pompa ya lita 640 kwa saa inatosha: mara 4 ya lita 160.

Acha silikoni ikauke muzuri sawa vile karatasi yake inaagiza, kisha jaza mayi na uangalie siku nzima bila samaki.

Sasa hesabu, maana wengine wanairuka. Meno yakizibwa na majani, pompa inaendelea kutoa mayi ya chumba cha tatu na kuitupa kwa samaki. Je, itamwangika chini? Chumba cha tatu kina sentimita 15 kwa 14, na mayi ya sentimita 30: ni lita 6,3. Upande wa samaki uko 85 kwa 40. Gawa 6300 kwa 3400: mayi itapanda karibu sentimita 1,9. Mayi ikiwa kwa kawaida sentimita 4 chini ya mudomo, hakuna hata tone litaanguka. Lakini pompa ikikauka itaungua. Kwa hiyo angalia chumba cha tatu kila siku: mayi inayokwenda hewani inapunguka pale tu.

Kintu cha kupasha mayi moto kiwekwe mu chumba cha kwanza, pale mayi haipunguke. Kolwezi iko juu, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 baridi ni kali.

Juu ya umeme: waya ushuke kwanza chini ya prize kisha upande, ili tone la mayi lisifuate waya mpaka ndani. Toa prize mbele ya kutia mukono. Umeme ukikatika saa mingi, bakteria zinakosa oksijeni. Safisha eponji mu mayi ya akwariumu, hapana mu mayi ya robine yenye klore.

Neno la mwisho ni letu sisi watu wa Kolwezi. Usiweke malakiti mu akwariumu, hata kama inapendeza macho. Ndani yake iko shaba, na shaba inaua konokono, inaharibu matamvua ya samaki na hata bakteria zetu. Vilevile waya wa shaba na vyuma vya shaba ya njano. Mawe ya ku mine yabaki kule. Tunajua kule Kingamyambo kuliwekwa takataka za kiwanda cha kusafisha madini, na zingine zilikwenda mu bonde la muto Musonoi, unaoingia mu Lualaba. Muto hauna ukuta A wala eponji. Anayejifunza kulinda lita 160 ataelewa juu ya nini muto unaomba kulindwa zaidi.

Mwenye swali aniulize kisha masomo. Kazi njema!