Kabla ya Kumshtaki Mtoro

Kila Januari shule zinapofunguliwa, maagizo yale yale husikika kwenye mikutano ya hadhara: mzazi ambaye mtoto wake hajaripoti darasani akamatwe, afikishwe mahakamani, awe funzo kwa wengine. Wengi wanaoyatoa wana nia njema. Wameshika orodha ya majina, wameona madawati yaliyobaki wazi, na wanajua kwamba mtoto akipotea na miaka 13 ni kazi kumrudisha akiwa na 16. Hata hivyo, swali la kama kutokwenda shule kuwe kosa la jinai linahitaji kufikiriwa kwa utulivu kuliko jukwaa linavyoruhusu. Jinai maana yake ni mtu kusomewa mashtaka, kutozwa faini ambayo pengine hana, na akishindwa kulipa, kulala ndani.

Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya 1978 kinataka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na hajafikisha 13 aandikishwe shule ya msingi, na mzazi ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Sheria ya Mtoto ya 2009 inahesabu elimu pamoja na chakula, malazi, mavazi na matibabu katika yale ambayo mzazi anawajibika kuyatoa, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa miezi isiyozidi 6, au vyote viwili. Kenya nayo, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, imeweka faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja kwa mzazi asiyempeleka mtoto shule.

Kwa hiyo kwenye maandishi anayebanwa ni mzazi. Mtoto wa chini ya miaka 10 hata hawezi kushtakiwa kwa kosa lolote, kwa mujibu wa kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Lakini yeyote aliyesoma shule zetu anajua kwamba mtoto naye ana adhabu yake, nayo ni fimbo. Kanuni za viboko shuleni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mtoto aliyekosa Jumatatu kwa sababu alibaki na mdogo wake mgonjwa anajua Jumanne ataitwa mbele mstarini. Anaondoka nyumbani amevaa sare, anaishia kichakani au sokoni, na saa nane anarudi nyumbani kama aliyetoka darasani. Jumatano deni limekuwa la siku mbili. Hivyo ndivyo siku moja ya udhuru wa kweli inavyogeuka kuwa wiki tatu za utoro, na kilichoikuza ni adhabu yenyewe.

Je, tishio la sheria linajaza madarasa? Historia yetu inatoa ushahidi mzuri, kwa kuwa kifungu cha 35 kimebaki palepale huku mambo mengine yakibadilika. Azimio la Musoma la 1974 lililenga watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977. Serikali ikajenga madarasa, ikafundisha walimu kwa maelfu, na vijiji vikahamasishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji ulikaribia asilimia 100. Kisha uchumi ukaanguka, ada na michango vikarudi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uandikishaji ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 80. Wakati wote huo sheria ilikuwa kitabuni na wajibu wa mzazi haukupunguzwa. Ada ilipofutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza, watoto walifurika kiasi cha kukaa sakafuni. Ikawa vivyo hivyo 2016, elimu bila ada ilipoanza hadi kidato cha nne. Kenya, Januari 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta ada za shule za msingi, watoto zaidi ya milioni moja wa ziada walijitokeza. Sheria yenye faini ile ya shilingi 100,000 ilitungwa miaka 10 baadaye.

Kwa maoni yangu huo ndio msingi wa mjadala wote. Wazazi waliosemwa kuwa hawathamini elimu walikuwepo siku zote. Ada ilipoondoka waligeuka kuwa wazazi wanaopanga foleni ya kuandikisha.

Kuna mahali duniani ambapo njia ya jinai ilijaribiwa hadi mwisho wake, na inafaa tukaangalie kwa karibu. Jimbo la Texas, Marekani, lilifanya utoro kuwa kosa la jinai la mtoto mwenyewe. Mwanafunzi aliyekosa siku 3, au hata sehemu tu ya siku hizo, ndani ya wiki 4 aliweza kupelekwa mbele ya hakimu wa mahakama ya watu wazima. Faini ilifika dola 500, mbali na gharama za mahakama. Kwa kuwa kosa lilikuwa la faini tu, mtoto hakuwa na haki ya kupewa wakili na serikali. Aliyeshindwa kulipa aliweza kutolewa hati ya kukamatwa akifikisha miaka 17. Mwaka 2013 pekee, Texas ilifungua takriban kesi 115,000 za namna hiyo, zaidi ya mara mbili ya majimbo mengine yote ya Marekani yakijumlishwa. Wanasheria wa shirika la Texas Appleseed walipochambua takwimu walikuta kwamba watoto wapatao 4 kati ya 5 waliofikishwa mahakamani walitoka familia zenye kipato duni. Mtoto aliyekosa somo alikosa siku nyingine tena ili aende kusikiliza kesi ya kukosa somo.

Juni 2015 gavana Greg Abbott, ambaye hajulikani kwa ulegevu katika mambo ya sheria, alisaini sheria iliyolitoa kosa hilo katika jinai kuanzia Septemba 1 mwaka huo. Sasa utoro wa mtoto ni shauri la madai, na shule haiwezi kulipeleka mahakamani kabla ya kuonyesha hatua ilizochukua kumsaidia. Kipengele kimoja kinanigusa sana. Sheria inakataza shule kumpeleka mwanafunzi mahakamani ikibaini kwamba hakuhudhuria kwa sababu ya ujauzito, kukosa makazi, kulelewa chini ya uangalizi wa serikali, au kwa kuwa yeye ndiye anayeingiza kipato kikuu cha familia. Bunge la jimbo tajiri lilikiri kwa maandishi kwamba yupo mwanafunzi anayelisha nyumba. Huku kwetu watoto hao tunawajua kwa majina, ila sheria yetu haijawataja popote.

Uingereza imechagua kumbana mzazi. Mwaka 2002 mama mmoja wa Oxfordshire alifungwa kwa sababu ya utoro wa binti zake, na miaka miwili baadaye akafungwa tena kwa sababu ile ile. Njia ya kawaida kule ni faini, na katika mwaka wa masomo 2022/23 zilitolewa karibu 400,000. Takriban 9 kati ya kila 10 zilihusu familia zilizosafiri likizo shule ikiwa wazi. Faini huwapata wepesi wa kupatikana, wenye anwani na akaunti ya benki. Mtoto aliyejifungia chumbani kwa hofu ya kuonewa na wenzake hatolewi na faini.

Turudi nyumbani, kwenye daftari la mahudhurio. Kwa miaka mingi takwimu za elimu Tanzania zimeorodhesha utoro kuwa sababu kuu ya wanafunzi kuacha shule. Lakini utoro ni tukio lenyewe. Ni kama daktari aandike kwamba mgonjwa anaumwa kwa sababu ana joto. Sababu imejificha ndani ya daftari, na mwalimu mzoefu anaweza kuisoma. Chukua shule iliyo karibu na mwalo wa Ziwa Victoria. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika. Ukiona wavulana wa darasa la sita na la saba wanakosekana giza linapoingia na kurejea mwezi unapokomaa, umeshapata jibu, na hakuna kesi itakayosaidia kuliko mazungumzo na wenye mitumbwi. Mahali pengine wanaokosekana ni watoto wote wa kitongoji kimoja, mto unapojaa. Kwingine ni msichana yule yule, siku nne au tano kila mwezi, katika shule yenye choo kisicho na mlango wala maji. Ziko pia siku za mnada, msimu wa korosho Mtwara, na msimu wa tumbaku Urambo. Alama ni ile ile moja daftarini, lakini hayo ni matatizo tofauti, na kila moja lina mtu wake wa kuwajibika. Katika suala la choo, mtu huyo si mzazi.

Sisemi jinai iondolewe kabisa. Ibaki pale inapostahili: kwa mtu mzima anayefaidika na kutokuwepo kwa mtoto darasani. Marekebisho ya 2016 yaliongeza kifungu cha 60A katika Sheria ya Elimu, kinachompa kifungo cha miaka 30 anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba. Hapo kuna mkosaji na kuna aliyekosewa, na dola ina haki ya kuwa kali. Vivyo hivyo kwa mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, anayewabebesha watoto mawe, na kwa anayemtoa binti kijijini na kumfanya mtumishi wa ndani mjini. Cha kusikitisha, hadi Novemba 2021 binti aliyepewa mimba alifukuzwa shule, tena wakati mwingine kabla aliyempa mimba hajafikishwa popote. Ilikuwa adhabu ya kumtoa mtoto shule, iliyotolewa na shule.

Watendaji wa kata wana hoja, na ninaiheshimu. Huniambia kwamba mzazi aliyepuuza wito wa mwalimu mara kadhaa huja mbio akipata barua ya mtendaji yenye muhuri. Ni kweli. Lakini tuangalie kinachotokea barua ile inapofanya kazi: mzazi anafika, anakaa kwenye benchi, anaulizwa, anaeleza, wanapatana, na mtoto anarudi shule. Kesi inayokwenda mbele zaidi ya hapo huzaa faini inayolipwa kwa kuuza mbuzi aliyekusudiwa kununua sare. Wito wenye nguvu ya sheria tuubakize. Kumfunga mzazi maskini ndiko kunakomwacha mtoto bila shule na bila mlezi.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania imeuridhia, unaitaka serikali ihimize mahudhurio ya mara kwa mara shuleni. Kamati inayousimamia ilisema wazi mwaka 2019 kwamba kutohudhuria shule ni miongoni mwa mambo yanayopaswa kuondolewa katika orodha ya makosa ya watoto.

Suala hili si la baadaye. Sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025, inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, kwa hiyo wajibu ulioishia darasa la saba utafika sekondari, kwenye umri ambao kijana anaweza kubeba zege, kuendesha bodaboda au kuolewa. Wakati wa kuiandika upya sheria, ningependa kiingie kifungu kinachosema kwamba ndani ya siku 5 za kukosekana kwa mwanafunzi mwalimu wa darasa amtafute mzazi na aandike sababu. Kwamba siku atakayorudi asichapwe. Kwamba sababu ikiwa ni njaa, umbali, ugonjwa au choo, taarifa iende kwa halmashauri na halmashauri ijibu kwa maandishi. Na kwamba hakuna shauri dhidi ya mzazi litakalopokelewa mahakamani bila nakala ya majibu hayo.