Msaada wa Dola kwa Sinema, na Sauti ya Mfasiri

Katika Ulaya, dola isaidiapo sinema huwa yailinda na lugha yake. Ufaransa iliunda chombo cha kusimamia sinema, CNC, mwaka 1946. Na huko sehemu ya bei ya kila tikiti, hata ya picha ya Kimarekani, hutengwa ili kuwasaidia watengenezaji wa nchini.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Jaribio la BEKE, lililofanyika Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, lilitumia picha ambazo maneno yake yalitiwa katika santuri, mbali na mkanda. Kwa hiyo kubadili lugha kulikuwa ni kubadili santuri tu. Ufundi huo haukurithiwa. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa 1968, iliagiza na kugawa picha za kigeni, ikatengeneza na zake, kama Fimbo ya Mnyonge. Nayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ilishughulika zaidi na ruhusa na ukaguzi. Tafsiri haikuwa na mlezi.

Pengo hilo lilizibwa na wafasiri wa vibanda vya video, ambao marehemu Lufufu ndiye aliyevuma zaidi. Tunduma, mkoani Songwe, mji unaopakana na Nakonde ya Zambia, niliketi katika kibanda umiza (jina hilo lajieleza kwa aliyekalia mabenchi yake) nikasikiliza picha ya Kichina. Kijana alipoinama mbele ya mwalimu wake, mfasiri alimtia kinywani "Shikamoo, mzee". Adui alipoingia, hakupewa salamu yoyote, akaanza na "Wewe!". Hapo watazamaji walikwisha kumjua mwovu ni nani kabla upanga haujachomolewa. Hiyo si tafsiri ya maneno, bali ni ya adabu, na sijaiona katika vitabu vyetu vya tafsiri.

Tatizo ni kwamba kazi hizi hufanywa bila idhini ya wenye picha. Stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye diski za filamu mwaka 2013 zilikusudiwa bidhaa halali, wala si hizi. Naona ingefaa sehemu ya fedha za umma za sinema inunue idhini ya kutafsiri, na nyingine ihifadhi sauti zilizokwisha kurekodiwa. Nilipomwuliza mwenye kibanda habari za kanda zake za zamani, alijibu kuwa alizitupa siku aliponunua mashine ya diski.