Kijana wetu anataka kuingia katika kundi la fizikia ya nadharia

Kijana akimaliza lisansi ya fizikia, wazazi huuliza swali moja: atafundisha shule gani? Akijibu kwamba anataka kuendelea na utafiti wa nadharia, nyumba inanyamaza. Tumeona vema tuandike machache kwa ajili ya nyumba hizo.

Fizikia ya nadharia inatafuta kanuni za maumbile kwa njia ya hesabu. Mtu wa maabara anapima. Mtu wa nadharia anauliza kwa nini kipimo kimetoka hivyo, na kitatoka vipi mambo yakibadilika. Vyombo vyake ni kalamu, ubao na kompyuta. Kwa sababu hiyo wengi wanadhani, na sisi tulidhani hivyo, kwamba kazi hii mtu anaweza kuifanya peke yake chumbani.

Abdus Salam wa Pakistan aliona kwamba haiwezekani. Mwaka 1951, baada ya masomo yake Cambridge, alirudi kufundisha Lahore. Hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye juu ya utafiti wake, na chuo kikampa kazi ya kusimamia klabu ya mpira wa miguu! Mwaka 1954 akarudi Uingereza. Lakini hakusahau upweke ule: mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia huko Trieste, Italia, kwa ajili ya watafiti wa nchi kama zetu. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Leo kituo kina jina lake.

Kundi lenyewe si kubwa: profesa, watafiti vijana waliopata udaktari, wanafunzi wa udaktari na wa mastaa. Mara nyingi hukutana kila juma mbele ya ubao. Mmoja anaeleza makala aliyosoma au hesabu aliyofanya, wengine wanamkatiza kwa maswali. Jambo hilo linawashtua wanafunzi wa kwetu, waliozoea kunyamaza profesa anaposema. Huko anayenyamaza ndiye anayetia wasiwasi. Mgeni kwa kawaida hupewa makala ya zamani, arudie hesabu zake mstari kwa mstari mpaka apate jibu lile lile. Anaweza kumaliza miezi hapo, na asidhani kwamba amedharauliwa.

Mlango wa kuingilia ni barua fupi. Kumwambia profesa kwamba umependa nyota tangu utoto hakusaidii kitu. Soma makala yake moja, kisha mweleze ni hesabu gani umeifanya mwenyewe na umekwama wapi. Makala nyingi za fizikia zinapatikana bure kwenye arXiv, hazina ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 1991. Kabla ya hapo uwe umeshika vizuri mekanika ya kwanta, sumaku na umeme, na hesabu zake zote, pamoja na kuandika programu za kompyuta.

Tena kuna Kiingereza. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunakiahirisha mpaka siku ya mwisho, na hapo vijana wenye akili nzuri wanakwama. Diploma ya mwaka mmoja ya Trieste, ambayo ni kwa waliomaliza chuo kikuu katika nchi zinazoendelea, inafundishwa kwa Kiingereza. Anayechaguliwa analipiwa masomo na maisha, na wengi wanatoka hapo kwenda kutafuta udaktari. Mtu akikudai pesa ili akupatie nafasi, mkimbie.

Wazazi wanatuuliza pia: akienda, atarudi? Hofu hiyo ni ya kweli, na Salam mwenyewe aliiishi. Ndiyo maana aliweka mpango wa ushirika: mtafiti anabaki akifundisha katika nchi yake, na kwa miaka kadhaa anapokelewa Trieste kwa majuma au miezi, anakaa na wenzake mbele ya ubao, kisha anarudi kwa wanafunzi wake. Mpango huo upo hadi leo.